Kichwa cha Sangala Shingoni Mwangu

Kama una mtoto anayetapika kila asubuhi ya shule, na siku ya Jumapili hatapiki, acha kwanza kutafuta mchawi. Kaa naye. Naandika haya kwa sababu kwetu hakuna aliyekaa nami, na mimi nilinyamaza, na kwa kimya changu nusura mwanamke asiye na kosa achomwe ndani ya nyumba yake hapa mjini kwetu, Baraka. Sasa nina miaka ishirini, nakula, nalala. Lakini nikiyakumbuka bado nasikia kichefuchefu, na sitajifanya kwamba nimewasamehe wote.

Jina langu ni Wabiwa. Mama yangu anauza ndagala, wale samaki wadogo wanaoanikwa mchangani karibu na ziwa. Mimi nimekulia ndani ya shombo. Nilipokuwa mdogo, mama akirudi ziwani nilikuwa namrukia na kulala kwenye kitenge chake, na harufu ile kwangu ilikuwa ni harufu ya mtu aliyefika nyumbani. Shuleni waliichukua wakaigeuza uchafu, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Shule yetu, ambayo sitaitaja, ilikuwa na sheria ya zamani: ndani ya ua ni Kifaransa tu. Anayekamatwa akisema Kiswahili au Kibembe anavishwa kamba yenye kitu kinachoitwa sembole. Ukishavishwa, unabaki nayo mpaka umkamate mwenzako naye umvishe. Anayekutwa nayo kengele ya mwisho anasafisha vyoo, anakwenda nayo nyumbani, anarudi nayo kesho yake. Wazazi wetu walipitia humohumo na wanasimulia wakicheka. Zamani sembole ilikuwa kipande cha ubao. Ubao ulipopotea, mkurugenzi wa nidhamu aliwaambia wanafunzi walete kitu kingine, wakaleta kichwa kikavu cha sangala, yule samaki mkubwa wa ziwani, na meno yake yote. Alikigeuzageuza, akacheka, akakubali. Mtu mzima, mwenye tai shingoni.

Nilikuwa huitième, darasa la nane, mvua za kwanza zimeanza. Mbele yangu alikaa Gloria, ambaye Kifaransa chake kilikuwa kizuri kuliko cha walimu wengine, na darasa zima lilikuwa likimfuata, akicheka wanacheka. Siku moja alikuja mkaguzi. Mimi nilikuwa na sembole tangu asubuhi kwa kosa la kuomba kifutio kwa Kiswahili. Mkaguzi akiwa katikati ya maneno yake, nyigu akamuuma Gloria shingoni, naye akaruka na kupiga kelele, "Mama yangu wee, nakufa!" Sheria ni sheria. Nilivua kamba, nikamvisha. Mkaguzi alicheka hadi akafuta machozi, na darasa likacheka naye. Gloria hakulia wala hakubisha. Aliniangalia tu, toka miguuni hadi kichwani.

Kesho yake kabla ya mapumziko alikuwa amekwisha kunirudishia. Msichana mmoja alinipa kalamu, nikasema asante, na hiyo asante ilikuwa mtego. Tangu hapo walikula njama. Hakuna aliyesema neno la Kiswahili karibu nami. Nikisogea wanageukia Kifaransa au wanafunga midomo, nikiondoka nasikia Kiswahili kinabubujika nyuma ya mgongo wangu. Walikuwa zaidi ya thelathini, na hakuna hata mmoja aliyeteleza. Sembole ikabaki shingoni mwangu wiki moja, wiki mbili, hadi Noeli na kupita.

Baadaye kichwa kikavu hakikuwatosha. Wakati wa mapumziko wawili walinishika mikono, na Gloria akajaza matumbo ya samaki mabichi mle mdomoni mwa sangala kwa kijiti, taratibu, akiwa ameinua pua. Maji yake yalinichuruzika ndani ya blauzi. Wakaacha kuniita Wabiwa, wakaniita Ndagala. Nikiingia darasani, mstari mzima unafunika pua kwa kola kwa pamoja, kama waliofundishwa gwaride. Na mwalimu alifanya nini? Alifungua dirisha. Hakuuliza kitu, alifungua dirisha na kuendelea na somo. Nimewahi kuota ndoto nyingi mbaya, lakini mkono ule unaosukuma dirisha ndio unaonirudia.

Watu wananiuliza kwa nini sikumwambia mama. Ningemwambiaje? Ningelazimika kumwambia kwamba wanasema ananuka. Ningelazimika kumtazama usoni wakati anasikia. Nikaona heri nioze peke yangu.

Na kweli nilihisi naoza. Nilijisugua shingo kwa majivu na mchanga hadi ngozi ikawa nyeusi na kukwaruza. Kila kitu kilinuka shombo, chai, daftari, mto wa kulalia, mate yangu mwenyewe. Asubuhi nikivaa tu ile sketi ya bluu, tumbo linageuka, nakimbilia nyuma ya ua. Mwezi wa kwanza natapika chakula, wa pili natapika maji machungu ya njano. Sketi ikawa inafungwa na pini mbili. Nywele zikabaki kwenye kitana. Siku zangu za mwezi zikakatika. Nikaacha pia kuzungumza, hata nyumbani, kwa sababu ulimi ulishazoea kwamba kila neno litakamatwa.

Aliyeniona wa kwanza ni jirani yetu, bibi tuliyemwita Koko Andjelani. Alikuwa mjane asiye na mtoto, anauza uji kando ya barabara, na mdomo wake ulikuwa mchafu kuliko wa waendesha pikipiki. Mbuzi wa watu aliwatukana kwa majina ya wenyewe. Asubuhi moja alinikuta nimeinama uani, akarudi na kikombe.

"Kunywa," alisema. "Na usinitapikie mu maua yangu."

Hapa lazima nieleze desturi yetu kidogo. Kwetu watu wanaogopa sumu sana, ile ya kuua polepole, ambayo wengine wanaiita karuho. Kwa hiyo anayekupa kinywaji anaonja kwanza mbele ya macho yako, ndipo anakupa. Mtoto wako humuonjei, ni wako. Koko Andjelani alinipa kikombe bila kuonja, nikabaki nakishika tu.

"Unaangalia nini? Nionje juu ya nini? We uko mugeni hapa?"

Nilikunywa. Uji ule wa mahindi na soya ulikaa tumboni. Tangu siku hiyo kila asubuhi, nikishatapika, nilipita kwake kunywa kikombe kimoja nikiwa nimesimama. Hakuniuliza kitu, aliwatukana mbuzi tu. Ndicho chakula pekee kilichoniweka hai, na katika miezi ambayo hakuna aliyetaka kukaa karibu nami, kwake mimi sikuwa mgeni.

Mama naye hakulala usingizi. Alinipeleka kituo cha afya, tukakaa kwenye benchi tangu asubuhi hadi jua kali, mimi nikiegemea ukuta, yeye akihesabu mbele yetu wamebaki wangapi. Wakanitoboa kidole kutafuta malaria. Wakanipa kwinini, masikio yakavuma siku tano. Tukarudi, wakatafuta tifoidi. Tukarudi mara ya tatu, nesi akamwambia mama abaki nje, akanipa kikopo nikojoe. Baadaye alichungulia mlangoni na kutangaza mbele ya benchi zima, "Mama ya Wabiwa! Mimba haiko!"

Wanawake wote wakanigeukia. Mama alishusha pumzi, kisha akakasirika. "Sasa kama haiko mimba, iko nini? Sema! Uko na mudomo ao hauna?"

Njia nzima ya kurudi alitembea mbele yangu bila kugeuka.

Ikafika likizo ya Noeli, na nikaacha kutapika. Wiki mbili nzima. Nilikula ugali, nilikula sombe ya majani ya muhogo, nilikunywa uji wa Koko nikiwa nimekaa. Kila mtu alisema dawa imefanya kazi. Hakuna aliyejiuliza kwa nini dawa ilisubiri shule ifungwe. Mzazi unayesoma, hapo ndipo ungeweka alama. Shule ikafunguliwa, na asubuhi ya kwanza nikatapika kabla hata sijamaliza kufunga viatu.

Ndipo baba mdogo Byaombe akaja kutoka Mboko. Baba yangu alikuwa mbali kwenye machimbo ya dhahabu, basi yeye ndiye aliyekuwa sauti ya kiume nyumbani. Alinitazama mara moja tu.

"Huyu mutoto balimupa karuho," alisema. "Muko munacheza na bakwinini. Jumapili tunaenda kwa mutapishaji."

Mtapishaji huyo, mganga wa kutoa sumu kwa kutapisha, alikaa kwenye barabara ya kupanda kuelekea Fizi. Tulifika asubuhi tukakuta watu wameketi chini kwa mstari, kila mmoja na beseni lake mapajani, kwa maana unakwenda na beseni lako. Letu lilikuwa la bluu, lile lile ambalo mama anaoshea ndagala. Walinishika kichwa wakanimiminia maji ya kijani, machungu hadi meno yakauma. Mstari mzima ulikuwa unatapika. Ndugu wa wagonjwa walikuwa wanazunguka wakichungulia mabeseni ya wengine na kulinganisha. Mzee mmoja alisifiwa kwa kile alichotoa, akatabasamu na kamasi mdomoni. Sijawahi kuona kitu kinachotia kinyaa kama kile, na mimi nilikuwa sehemu yake.

Mtapishaji alichovya kijiti ndani ya beseni langu akainua kitu cheusi. "Muone. Hii njo yenyewe."

Ilikuwa kipande cha jani la sombe. Nilikula sombe jana yake. Nilijua, na nikanyamaza.

"Nani anamupatiaka chakula bila kuonja?" akauliza.

Mama aliangalia beseni. Baba mdogo akanigeukia mimi. "Wabiwa, jibu. Nani?"

Kwa miezi mitatu nilikuwa sijatoa sentensi nzima. Nikatoa hiyo moja, kwa sababu niliulizwa na ilikuwa kweli: "Koko Andjelani haonjaka."

Sikufikiri hata kidogo. Laiti ningetapika ulimi.

Pikipiki ilitufikisha Baraka kabla ya saa nane mchana, na habari zikatutangulia. Vijana walikuwa wameshajaa mbele ya ua wa Koko, mmoja ana kidumu cha petroli. Kila mtu kwetu anajua kidumu kinabebwa kwa kazi gani siku kama hiyo. Mkuu wa avenyu, yaani wa mtaa wetu, akiwa na hofu kuliko sisi, aliwaomba wasubiri, akaamuru Koko aletwe uani kwetu. Wakamkalisha kwenye kiti katikati. Baba mdogo aliweka beseni mbele yake, limefunikwa kwa kitambaa, akafunua ili watu waone. Watu wakaona, wakaguna.

"Ni kweli haukuonjaka?" mkuu aliuliza.

"Ni kweli," alijibu Koko. Sauti yake ilikuwa ndogo, nami sikuwahi kujua kwamba ana sauti ndogo. "Sikuonja juu nilimuona mutoto wangu."

"Si wako!" akafoka baba mdogo. "Hauna mutoto!"

Vijana wakasogea. Koko akanitafuta kwa macho. "Wabiwa, mi nilikufanya nini? Baambie."

Nilifungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Huo ndio ugonjwa wenyewe, nawaambia mnaotaka kujua unafananaje: unajua neno, liko pale, lakini ulimi umekufa ganzi, na unaona kama watu wote uani wamekaa wakisubiri tu ukosee wakuvishe kamba. Nilimwona kijana mwenye kidumu akilegeza kifuniko. Nikageuka, nikaingia ndani. Nyuma yangu mtu alisema anakwenda kutapika tena.

Sembole ilikuwa chini ya kitanda, ndani ya mfuko wa shule uliofungwa mara mbili. Nilitoka nayo, nikaiweka kwenye mkeka miguuni pa Koko. Harufu ikafunguka. Watu wakarudi nyuma, na wote pamoja wakafunika pua. Nilipoona mikono ile ikipanda puani, hasira ikapita mbele ya woga, na nikasema.

"Ninatapika juu ya hii. Haiko uji. Likizo nilikunywa uji kila siku, sikutapika hata mara moja. Mama, uliona! Natapikaka siku ya masomo tu. Bananivalisha hii tangu mvua ya kwanza. Banatia matumbo ya samaki ndani, inaniangukia mu mwili." Kisha lile jingine likatoka lenyewe, mbele ya avenyu nzima. "Banasema unanuka, mama. Njo maana sikukuambia."

Baba mdogo ndiye wa kwanza kujibu. Alicheka. "Sembole? Hii sembole ya masomo? Sisi wote tulivaa! Mutu anagonjwa juu ya sembole?"

Wanaume wawili watatu wakacheka naye, wakikumbuka utoto wao. Kicheko kile kilinichefua kuliko beseni.

Mama hakucheka. Alipiga magoti, akainua kichwa cha sangala na kukiweka karibu na uso kama anavyofanya sokoni akipima samaki wa watu. Akaingiza kidole mdomoni mwake, akatoa ute, akaunusa. Hakuna mtu Baraka anayeweza kumdanganya mama yangu kuhusu samaki.

"Hii ni tumbo ya samaki mukeke," alisema. "Ya juzi. Na chini yake kuko ingine ya wiki iliyopita, na ingine." Akasimama. Akamwendea yule kijana, akamnyang'anya kidumu. "Wewe, kwenda kwenu. Na nyinyi wote. Mutoto wangu alishasema."

Waliondoka mmoja mmoja, bila hata mmoja kumwomba Koko msamaha. Baba mdogo alilala kwetu siku hiyo na kula vizuri.

Jumatatu mama alikwenda shuleni na beseni la bluu kichwani, kichwa cha sangala ndani yake. Alikiweka juu ya karatasi za mkurugenzi wa nidhamu na kuanza kumweleza. Yule bwana alimsikiliza kidogo, kisha akamkumbusha kwamba ndani ya ua ule watu wanazungumza Kifaransa. Mama alisoma miaka minne tu. Alirudi nyumbani, akakaa mlangoni, akanisimulia, na hapo nikamwona analia kwa mara ya kwanza. Shule ile sikurudi tena.

Nilidhani nikishasema nitapona. Sikupona. Mwili uliendelea kutapika asubuhi kwa mazoea, sketi ya bluu ikiwa imeshachomwa. Tuliyempata ni Mama Salima, msaidizi wa mambo ya moyo na akili kwenye kituo kilekile cha afya, ndani ya chumba kidogo nyuma ya wodi ya uzazi. Nilikwenda kila Alhamisi. Kwenye benchi nilikaa na wanawake wenye mimba zao, na hakuna aliyetangaza kitu. Alhamisi ya kwanza sikusema neno. Mama Salima akamenya karanga, akanisogezea nusu, na saa ilipoisha akasema, "Asante kwa kukuja." Alhamisi ya nne nilisema "asante", na wewe pia ungefurahi kama ungejua neno hilo lilinigharimu nini. Mvua ziliisha, kiangazi kikaingia, na mimi bado nakwenda kila Alhamisi.

Nyumbani haikuwa rahisi. Mama alianza kuoga mara tatu kabla ya kuingia chumbani kwangu, akajisugua na sabuni ya kufulia hadi mikono ikapasuka. Siku nyingine alichoka akapayuka, "Unataka niache kazi tukule nini?" Mimi nilijichukia. Katikati ya kiangazi, siku moja ametoka ziwani, nilimzuia kabla hajafika kwenye maji ya kuoga, nikaegemea kitenge chake. Tumbo lilipanda. Nikavumilia. Lilishuka. Tulisimama pale mpaka jirani akatuuliza kama kuna msiba.

Gloria nilikutana naye sokoni mwaka jana. Alinikumbatia. "Wabiwa! Tulikuwaka batoto, eh? Ile ilikuwa muchezo tu." Alisema yote hayo kwa Kiswahili, vizuri kabisa. Niliiondoa mikono yake begani mwangu, nikamwambia haukuwa mchezo, nikaenda zangu. Mama Salima anasema si lazima nimchukie. Sawa. Ila kumtazama bado siwezi.

Koko Andjelani hakuweza kukaa Baraka. Hakuna aliyemchoma, lakini hakuna aliyenunua tena uji wake. Akahamia Nundu kwa dada yake. Mimi humtembelea kila ninapoweza, na yeye huwasha moto mara tu anaponiona. Lakini tangu siku ile ya kiti katikati ya ua, hajawahi kunipa kikombe bila kuonja kwanza. Anakiinua, anapiga funda, anameza, ananiangalia hadi nione kwamba amemeza, ndipo ananipa. Nimemwomba aache. Nimelia mbele yake. Anajibu tu, "Acha, mutoto ya benyewe. Batu banaangalia." Nami nakunywa, na uji unakaa tumboni, na kila funda linanikumbusha sentensi ile niliyoitoa mbele ya beseni.

Mwezi uliopita nilimkuta katika vita. Mbuzi wa jirani alikuwa ameingia kwenye maua yake, na Koko alikuwa anamfukuza kwa mwiko, anamtukana yeye, mama yake na mwenye zizi. Akachota uji huku bado anatukana, akanisukumia kikombe mkononi, akageuka kumfuata mbuzi.

Hakuonja.

Nilikunywa haraka, chote, kabla hajakumbuka.